Mgawanyo wa mali baada ya talaka: mwongozo kwa wanandoa wa Nyanda za Juu Kusini

Katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa nchini Tanzania, sehemu kubwa ya mali ya familia haina karatasi yenye majina ya wote wawili. Ni shamba la migomba na parachichi kule Rungwe lililoanzia kwenye kipande alichokitoa baba mkwe, ni ekari za miti Mufindi zilizopandwa na mke na mume kwa mikono yao, ni mashine ya kukoboa mpunga Mbarali iliyonunuliwa kwa mavuno ya misimu kadhaa, au ni kibanda cha biashara Mwanjelwa ambacho leseni yake ina jina la mmoja tu. Ndoa inapovunjika, hakimu ambaye hajawahi kulikanyaga shamba hilo huombwa kuamua nani achukue nini. Maelezo yanayofuata yanaonyesha hakimu huyo anaongozwa na sheria ipi, na mwanandoa afanye nini ili jasho lake lionekane mahakamani. Watu wengi, wanawake zaidi kuliko wanaume, hutoka mahakamani mikono mitupu kwa sababu hawakueleza walichokifanya, ingawa sheria ilikuwa tayari kuwasikiliza.

Njia ya kufika kwenye mgawanyo

Mgawanyo wa mali unaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29 ya sheria za nchi, katika kifungu ambacho wanasheria wamekizoea kwa namba 114. Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali pale tu inapotoa amri ya talaka au amri ya kutengana. Kwa hiyo mke aliyerudi kwao Kilolo, au mume aliyefukuzwa kwenye nyumba yake Uyole, hawezi kwenda mahakamani kudai nusu ya mali huku ndoa ikiwa bado hai na hakuna shauri la talaka wala la kutengana. Makubaliano ya kikao cha ukoo, hata yakiwa yameandikwa na kusainiwa na wazee wa pande zote, hayachukui nafasi ya amri hiyo, ingawa karatasi yake itunzwe kwa sababu inaweza kutumika kama ushahidi wa mali zilizokuwapo na kauli za kila upande.

Kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa wengi hupatikana katika ngazi ya kata, na kwa baadhi ya waumini hupatikana kwenye taasisi ya dini iliyotambuliwa kwa kazi hiyo. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayothibitisha hivyo, na hati hiyo lazima iambatanishwe na madai ya talaka ikiwa haijapitisha miezi sita tangu itolewe. Mashauri mengi yaliyofika mbali yamefutwa kwa kasoro ya hati hii, na wahusika wakalazimika kuanza upya baada ya kupoteza fedha na muda. Ndiyo maana inafaa kuisoma kabla ya kuondoka barazani, kuhakikisha majina yameandikwa sawasawa na inatamka wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Sheria inaruhusu kulivuka baraza katika hali chache, kwa mfano pale mwenzi alipotelekeza familia na hajulikani aliko, au alipoitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika. Aidha, ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haiwezi kuombewa talaka bila kibali maalumu cha mahakama.

Waislamu hawako nje ya utaratibu huu. Talaka iliyotamkwa nyumbani haiigawi mali. Mahakama huipokea kama sehemu ya uthibitisho kwamba ndoa imevunjika baada ya baraza kushindwa kusuluhisha, kisha hugawa mali kwa kifungu kilekile.

Kuna pia wale walioishi pamoja bila kufunga ndoa yoyote, hali iliyoenea sana katika miji inayokua haraka kama Tunduma na Makambako. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, mpaka upande mwingine uthibitishe vinginevyo. Hata pale dhana hiyo inapovunjwa kwa ushahidi, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kumpatia nafuu nyingine, ikiwamo mgawanyo wa mali walizochuma pamoja. Asiwepo, basi, mtu wa kuambiwa kwamba kwa kuwa hana cheti cha ndoa hana pa kwenda.

Shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Mbeya na Iringa. Kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo inatosha, kwa kuwa iko karibu, taratibu zake ni nyepesi, na mashahidi wanaweza kufika bila gharama kubwa.

Mali ipi inagawiwa na ipi haigawiwi

Swali la kwanza la hakimu ni kama mali inayogombewa ilichumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya kuoana, au aliyoirithi, au aliyopewa zawadi yeye peke yake, hubaki yake, kwa kuwa ndoa yenyewe haihamishi umiliki. Lakini sheria hiyohiyo inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mali ya mmoja iliyokuwapo kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa wakati wa ndoa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa nguvu za wote wawili. Nyumba ya vyumba viwili vya matofali mabichi ambayo mume alikuwa nayo Mbalizi, ikaongezwa vyumba vinne, ikaezekwa upya na kuvutiwa umeme na maji baada ya ndoa, haiwezi kutetewa kwa maneno kwamba aliijenga akiwa kapera.

Jina lililoandikwa kwenye hati nalo halimalizi mjadala. Sheria inaanza na dhana kwamba mali iliyonunuliwa kwa jina la mmoja ni yake, na iliyoandikwa majina mawili ni ya wote kwa sehemu sawa, lakini dhana ya jina moja huvunjwa kwa ushahidi wa mchango wa mwenzake. Upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba mwanandoa aliyechangia kwa kazi yake katika uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wa ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake hupata maslahi katika ardhi hiyo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo imezibatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali.

Ugumu wa huku kwetu ni ardhi ya ukoo. Shamba la ukoo ambalo wazazi wa mume waliwaachia watoto wao walitumie, bila kulitoa kabisa, ni mali ya watu wengine, na mahakama haiwezi kuwagawia wanandoa kisicho chao. Inabidi kutenganisha mambo matatu ambayo hapa nyumbani tumezoea kuyataja kwa pumzi moja: ardhi, kilichopandwa juu yake, na kilichojengwa juu yake. Chukua familia ya Mufindi au Njombe iliyopanda misindano na mikaratusi ekari tano juu ya ardhi aliyopewa mume na baba yake. Ardhi inaweza kubaki kwa mume kwa sababu ilitoka kwao, lakini miti ni jambo jingine. Mbegu au miche ilinunuliwa, mashimo yalichimbwa, magugu yalipaliliwa, matawi yalipogolewa, njia za kuzuia moto zilisafishwa kila kiangazi, na kazi hiyo ya miaka mingi ilifanywa na watu wawili. Miti huchukua zaidi ya muongo mmoja kukomaa kwa mbao, hivyo ndoa inaweza kuvunjika miti ikiwa bado michanga, na anayeondoka akadhani hana cha kudai kwa kuwa hakuna cha kuvuna. Thamani ipo tayari. Afisa misitu wa halmashauri au mthamini aliyesajiliwa anaweza kuikadiria, na mwombaji aiambie mahakama waziwazi anachotaka: alipwe sehemu yake ya thamani ya leo, au apewe ekari kadhaa za miti avune itakapokomaa, au ithibitishwe sehemu yake katika mauzo ya baadaye. Hali ni hiyohiyo kwa kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe na kakao ya Kyela, ambapo mmea wa kudumu una thamani iliyo kubwa kuliko mavuno ya msimu mmoja.

Mahari haimo katika mali zilizochumwa na wanandoa. Ugomvi juu ya ng'ombe waliotolewa una njia yake, na kuuchanganya na madai ya mgawanyo humchosha hakimu na kuficha hoja zenye uzito.

Mambo anayoyapima hakimu

Mahakama ikishajiridhisha kwamba mali ni ya kugawiwa, inatakiwa kuzingatia mambo manne. Mila za jamii ya wahusika. Kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote. Na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, sheria inaitaka ielekee kwenye usawa. Maneno hayo ya mwisho yasomwe kwa makini, kwa sababu hayasemi kwamba kila mtu apewe nusu kwa nusu, bali yanaweka usawa kuwa mwelekeo ambao hakimu anauacha pale vigezo vilivyotangulia vinapomlazimu, na anatakiwa aeleze sababu za kuuacha.

Kigezo cha mila kinatajwa sana na upande unaotaka mke aondoke na nguo zake tu. Mahakama inatakiwa kuizingatia mila, haikuambiwa itawaliwe nayo, na mila inayopingana na sheria ya nchi haisimami. Anayedai mila fulani ya Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe au Wabena anapaswa pia kuithibitisha kwa mashahidi wanaoijua.

Uzito wa shauri karibu wote umo kwenye mchango. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya sheria kutungwa, majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana kama kazi za nyumbani ni mchango. Wengine walisema kupika na kulea ni wajibu wa kawaida wa mke, wengine wakasema ni kazi iliyomwezesha mume kuchuma. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo katika shauri linalojulikana kwa jina la Bi Hawa Mohamed, ikatamka kwamba kazi za nyumbani na malezi ya familia huhesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali. Uamuzi huo ndio unaotajwa hadi leo kila mama wa nyumbani anapodai haki yake. Kinachosahaulika ni kwamba aliyekata rufaa hiyo hakupata mgawo aliouomba, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizifuja. Mtu ajifunze mambo mawili hapo. Kazi ya nyumbani inahesabika, na ufujaji wa mali ya familia nao unahesabika dhidi ya mfujaji, awe mke au mume aliyekuwa akiuza magunia ya mpunga na kumalizia fedha kilabuni.

Ugoni na matusi, kwa upande mwingine, havimo katika vigezo vya mgawanyo. Vinaweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika, na hapo kazi yake imekwisha. Anayetumia muda wake wote kizimbani kueleza usaliti wa mwenzake, akabakiza dakika chache za kueleza nyumba ilivyojengwa, amejinyima mwenyewe.

Kuhusu madeni, mahakama hutazama fedha ilikwenda wapi. Mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) uliojenga nyumba, au deni la pembejeo la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ni mzigo wa wote wawili hata kama aliyesaini ni mmoja. Deni la mtu aliyekopa kwa siri zake hubaki lake. Kuhusu watoto, wazazi wengi huamini kwamba nyumba inaweza kugawiwa watoto ili ugomvi uishe. Watoto si wadau wa mgawanyo na hawapewi fungu. Mahitaji yao huangaliwa ili kujua, kwa mfano, mzazi atakayeishi nao anahitaji makazi ya namna gani. Matunzo yao huombwa kwa hoja yake katika shauri hilohilo.

Katika ndoa ya wake wengi, mke mmoja anapoachwa, mahakama inapaswa kujua kila mali ilichumwa na nani na lini, maana shamba lililofunguliwa na mke mkubwa kabla mdogo hajaolewa haliwezi kugawiwa kana kwamba mdogo alikuwapo.

Namna ya kuandaa ushahidi

Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia kwamba ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Asiyeleta ushahidi hawezi baadaye kumlaumu hakimu kwa kutompa alichodhani anastahili. Anza kwa kuandika orodha ya mali zote, kila moja kwa mahali ilipo, ukubwa na mipaka yake, majina ya majirani wanaopakana nayo, mwaka ilipopatikana, fedha ilikotoka na thamani yake ya sasa. Mali isiyotajwa kwenye madai haitagawiwa, na iliyotajwa juujuu, kama vile "mashamba kule Igurusi", humwacha hakimu bila kitu cha kuandika kwenye amri.

Kisha, mbele ya kila mali, andika ulichofanya wewe. Usiseme tu kwamba mlichuma pamoja. Sema kwamba mwaka wa kujenga ulipika chakula cha mafundi, ulisomba maji ya kufyatulia tofali, ulisimamia upakuaji wa mchanga mume akiwa kazini Chunya, na mchango wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) ulioupokea ulinunua mabati. Sema ulikuwa ukilala shambani kuamia ndege wasile mpunga, ukauza viazi barabarani na fedha hizo zikalipa ada wakati mshahara wa mwenzako ukinunua kiwanja. Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwenye stakabadhi za kiwanja ataonekana ndiye aliyenunua, na bila maelezo hayo hakuna atakayejua kwamba aliweza kununua kwa kuwa mwenzake alibeba chakula na ada.

Karatasi zinazofaa ni cheti cha ndoa, mikataba ya mauziano iliyoshuhudiwa na uongozi wa kijiji au mtaa, hati ya haki miliki ya kimila, vitabu vya VICOBA na SACCOS, stakabadhi za mauzo ya chai au kahawa, taarifa za benki, na kumbukumbu za miamala ya simu, ambazo mtandao wa simu unaweza kuzitoa zikiombwa. Pasipo karatasi, mashahidi wa macho wana nafasi yao: fundi aliyejenga, jirani wa shamba, muuzaji wa ardhi, mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwapo siku ya kupima mipaka. Ndugu wa damu anaruhusiwa kutoa ushahidi, ila shahidi asiye na upande huaminika zaidi. Mwombe kila mmoja aeleze aliyoyaona yeye mwenyewe, si aliyosimuliwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaidizi wa kisheria katika wilaya yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi hawa rasmi, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kuelekeza walipo. Kazi yao kubwa kwa shauri la namna hii ni kusaidia kupanga maelezo na vielelezo kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kuilinda mali shauri linapoendelea

Hatari kubwa zaidi hutokea kati ya ugomvi na hukumu, mmoja anapouza upesi. Nyumba wanamoishi wanandoa ina ulinzi maalumu: mmoja hawezi kuiuza, kuiweka rehani au kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo, na mwenzake ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati pale nyumba inapokuwa na hatimiliki. Kwa shamba la kijijini, barua ya kueleza kuwa kuna mgogoro ipelekwe kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, ili mnunuzi asije kusema hakujua. Mahakama yenyewe iombwe mapema amri ya muda ya kuzuia uuzaji wa mali zinazogombewa. Miti na mifugo huondoka haraka kuliko nyumba, kwa hiyo ombi hilo lizitaje kwa idadi na mahali zilipo, na picha zipigwe mapema.

Baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu na ya amri siku ileile inaposomwa, na umuulize karani muda wa kukata rufaa, kwa sababu ni mfupi na ukipita itakubidi kwanza kuomba kibali cha kuchelewa. Soma amri uone kama kila mali imetajwa na namna ya kugawana imeelezwa: kwa kuigawa yenyewe, kwa kuiuza na kugawana fedha, au kwa mmoja kubaki nayo akimlipa mwenzake. Njia ya mwisho huifaa nyumba yenye watoto na shamba ambalo likikatwa vipande halitalimika, lakini iambatane na muda wa kulipa uliotajwa, vinginevyo malipo huahirishwa mwaka hadi mwaka. Mwenzako asipotekeleza, rudi mahakama iliyotoa hukumu na uombe utekelezaji. Haipasi kuvunja kufuli wala kuhamisha vigingi vya mipaka kwa nguvu. Amri ikishatekelezwa, nakala yake ipelekwe masjala ya ardhi ya kijiji, au kwa Msajili wa Hati kwa mali yenye hatimiliki, ili daftari libadilishwe na lisomeke jina la mmiliki mpya.